Kuchora Azania Front na Mtakatifu Yosefu kwa rangi za maji: tusiyafute maghorofa

Brashi ya Kivukoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ingia duka la picha hapa Dar, iwe Mwenge au Slipway, uulizie picha ya kanisa la Azania Front au ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Hutatoka mikono mitupu. Ila nyingi ninazokutana nazo zimechorwa kwa namna ileile: kanisa peke yake, mnazi pembeni, ngalawa, anga la bluu tupu. Mchoraji kasimama Kivukoni, maghorofa ya vioo kayaona kwa macho yake mawili, kisha kayafuta. Picha inatoka nzuri ya kumuuzia mgeni, lakini inaonyesha mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishi ndani yake.

Nataka tuzungumzie kuyachora makanisa haya pamoja na majirani zake, na kwa rangi za maji hasa, maana naamini hakuna rangi inayoliweza jambo hili kama hizi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu tunachokichora. Wajerumani waliifanya Dar makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mtakatifu Yosefu likajengwa kuanzia 1897 hadi 1902, na Azania Front la Walutheri kuanzia 1898 hadi 1902. Yote mawili yanatazama bandari. La Mtakatifu Yosefu ni la Kigothi, madirisha yamechongoka juu na mnara umeenda hewani. Azania Front limekaa kama makanisa ya vijiji vya Bavaria: kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu, na juu ya madirisha ya mnara kuna vipaa vidogo vya vigae, kila dirisha na chake. Hivyo vipaa ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu chochote pale mbele. Jua likishapanda kidogo, kila kimoja kinaangusha kivuli chembamba cha rangi ya zambarau kwenye ukuta mweupe, na ukikipata hicho kivuli umelipata kanisa zima.

Sasa majirani. Pale Sokoine Drive, kwenye kona ya Mtaa wa Mission, ubavuni kabisa mwa Mtakatifu Yosefu, ipo minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF (ule uliounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018), kila mmoja zaidi ya ghorofa 30. Mbele kidogo lipo ghorofa la Mamlaka ya Bandari, nalo ni la kimo hichohicho. Ukiwa majini unaiona ile minara kwanza, kisha ndipo jicho linashuka kutafuta makanisa.

Hoja yangu kubwa ni hii. Katika rangi za maji, nyeupe yako ni karatasi. Ukuta wa Azania Front haupakwi, unaachwa. Jiulize basi: ukiuacha mweupe na nyuma yake ukaweka anga jepesi, utaonekana vipi? Nyeupe mbele ya bluu hafifu inapotea. Ghorofa la vioo ndilo linalokufanyia kazi hapo. Linaleta rangi nzito nyuma ya ukuta, na kanisa linajitokeza lenyewe bila wewe kuligusa. Anayefuta maghorofa inabidi azungushe mstari wa wino pembeni mwa kanisa lote ili lionekane, na ule mstari ndio unaoifanya picha ifanane na kadi ya posta.

Nakaribisha mawazo, hasa ya wanaopinga.

Mzizima Asilia

Mkuu, uzi mzuri na nimeusoma wote. Ila mimi ni miongoni mwa hao wanaofuta, na sababu ninayo.

Ghorofa la vioo halina sura. Ni mraba mrefu. Ukiliweka kwenye karatasi linameza kila kitu, kanisa linabaki dogo kama kibanda cha mlinzi. Mchoraji si kamera. Ana haki ya kuchagua. Wachoraji wa kila mahali wanaondoa nguzo za umeme, wanaondoa magari, kwa nini tusiondoe minara ambayo haipendezi? Watu wananunua picha ili waone kitu kizuri ukutani.

Brashi ya Kivukoni

Mzizima, karibu sana, na haki ya kuchagua nakubaliana nayo. Nguzo ya umeme nami naiondoa. Lakini nguzo ikiondoka, mtaa unabaki uleule. Maghorofa yakiondoka, mtaa umebadilika: mwanga umebadilika, vivuli vimebadilika, hata ukubwa wa kanisa umebadilika. Udogo unaoulalamikia ndio habari yenyewe ya pale. Miaka ya 1900 mwanzoni, mnara wa kanisa ndio uliokuwa juu ya mapaa ya mjini. Leo umefika kwenye ghorofa za chini za jirani yake. Mtu anayeingia bandarini analiona hilo kwa sekunde moja, na picha inapaswa kumwonyesha.

Kuhusu kutokuwa na sura, hapo nakataa. Nenda asubuhi. Jua linatokea upande wa Kigamboni, linapiga makanisa usoni, na vioo vya minara vinabeba anga la baharini. Juu kabisa kioo kinafanana na anga kiasi kwamba ukingo wa jengo unapotea, huwezi kusema mnara umeishia wapi. Kadiri unavyoshuka kioo kinakuwa kizito, na chini kinapata joto la rangi kutoka kwenye vigae na vumbi la barabara. Hilo jengo moja lina rangi nyingi kuliko kanisa.

Namna ninavyolifanya: nalowesha eneo la mnara kwa maji safi, naanzia juu na rangi ileile ya anga ili viungane, halafu nikishuka naongeza bluu ya altramarini iliyochanganywa na kahawia ya siena. Hizo mbili zikikutana zinatoa kijivu kizuri kuliko kijivu chochote cha kwenye tyubu. Nikifika kwenye paa la kanisa, brashi inakuwa na rangi nzito na ncha kavu, na hapo mkono unatulia: ukingo wa vigae lazima uwe mkali. Juu umepotea, chini ni mkali. Madirisha ya mnara sihesabu wala sichori moja moja. Brashi kavu, mistari michache inayokatika katika, basi. Ukichora dirisha kwa dirisha utakuwa umetengeneza chandarua.

Binti wa Magomeni

Kaka Brashi, asante sana. Mimi ni mwanafunzi kwenye fani hii, naomba kuuliza. Kila nikijaribu mpako mkubwa kama huo wa anga na mnara, karatasi inajikunja, rangi inakusanyika kwenye mabonde na kukauka na madoa yenye pembe pembe. Na msimu huu wa masika ndiyo balaa, rangi haikauki kabisa. Natumia karatasi za kawaida za stesheneri. Nifanyeje?

Brashi ya Kivukoni

Dada yangu, tatizo si mkono wako, ni karatasi. Tafuta karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa chembechembe. Ni ghali, sitakudanganya. Nunua shiti moja kubwa, ukate vipande vinane. Kipande kidogo kizuri kitakufundisha kuliko daftari zima la karatasi laini, maana karatasi laini inakunywa maji papo hapo na haikupi nafasi ya kuunganisha rangi.

Ibandike kwenye ubao pande zote nne kwa ile selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi wa majumba. Inua ubao kidogo upande wa juu ili maji yashuke na kukusanyika chini, kisha ule ushanga wa mwisho, yaani maji yaliyokusanyika chini, uunyonye kwa brashi iliyokamuliwa. Madoa ya pembe pembe yanatokea pale maji mapya yanapoingia kwenye rangi iliyoanza kukauka. Kwa hiyo ukishaona mng'ao wa maji umeondoka juu ya karatasi, acha. Usirudi kurekebisha.

Masika usiipige vita, itumie. Hewa ikiwa na unyevu, karatasi inabaki mbichi muda mrefu na unaweza kuunganisha anga na mnara bila haraka. Hiyo ndiyo saa ya kuchora mawingu mazito ya bandarini. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ni kinyume: joto na upepo vinakausha mpako kabla hujafika katikati, basi uchore asubuhi mapema au ukae kivulini. Wanaotaka kuharakisha ndani ya nyumba, draya ya nywele inafaa, ila ishikwe mbali.

Na usianze na kanisa. Anza na vinavyolizunguka. Mwishoni kabisa ndipo uweke vivuli vya vile vipaa vya madirisha na wekundu wa vigae. Utashangaa ni kazi ndogo kiasi gani imebaki.

Fundi Ramani

Niongeze kwa upande wa wachoraji wa majengo.

Watu wengi wanakosea mstari wa macho, yaani usawa wa jicho la mchoraji. Ukiwa kwenye pantoni ya Magogoni, macho yako yako mita chache tu juu ya maji, kwa hiyo mstari wa macho unapita chini kabisa, karibu na milango ya makanisa. Mistari yote ya mapaa na ghorofa iliyo juu ya hapo lazima iteremke kuelekea mbali. Ukiupandisha huo mstari hadi katikati ya karatasi kwa sababu tu unataka kuonyesha maji mengi, minara itaonekana kama unaitazama kutoka kwenye helikopta huku kanisa unalitazama kutoka chini. Pimeni kwa mpini wa brashi: mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa, kanisa moja linaingia mara ngapi kwenye mnara. Mkono unapenda kulikuza kanisa kwa sababu tunalipenda.

La pili ni zito zaidi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo halilindwi hadi litangazwe rasmi. Fikirieni maana yake kwa Dar. Hata Boma la Kale alilojenga Sultani Majid, la miaka ya 1866 na 1867, limeukosa mwaka huo kwa miaka michache tu. Makanisa tunayoyazungumzia yako mbali zaidi. Yenyewe yana waumini kila Jumapili na hilo ni ulinzi mkubwa, lakini majengo ya rika lake hayana waumini. Jengo la Salamander pale Samora lilibomolewa mchana kweupe. Anayetaka kuwaonyesha watoto wake lilivyokuwa anategemea picha. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha uzi: anayechora Posta ya Zamani leo achore kila kilichopo, cha zamani na kipya, kwa uwiano wake halisi.

Mmatumbi wa Boston

Nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Uzi huu umenigusa kwa sababu huku nilipo lipo jambo hilihili, na wachoraji hawaliachi.

Kuna kanisa la Trinity, uwanja wa Copley, lilikamilika mwaka 1877. Ubavuni mwake limesimama ghorofa la John Hancock, orofa 60, mita 241, lilikamilika 1976, vioo juu mpaka chini. Ujenzi wake ulilitesa kanisa. Walipochimba msingi, ardhi ya pale ambayo ni ya kujaziwa ilihama, na kuta za kanisa zikapata nyufa. Kesi ikafika hadi mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1987 na kanisa likashinda fidia. Tena, kabla ghorofa halijakamilika, vioo vyenyewe vilianza kudondoka, wakaziba matundu kwa mbao, na mwisho vioo zaidi ya 10,000 vikabadilishwa vyote.

Pamoja na hayo, leo picha inayochorwa zaidi pale ni ya kanisa likijitazama kwenye kioo cha jirani yake. Nimewaangalia wenzetu wa rangi za maji wakifanya. Kanisa halisi wanalipa rangi kamili, mawe yenye wekundu na vivuli vikali. La kwenye kioo wanalichora kwa rangi zilezile zilizotiwa maji mengi, mistari imepindapinda, maana vioo havikulala sawa vyote. Halafu juu ya taswira hiyo ya kwenye kioo wanapitisha mpako mmoja mwepesi wa bluu. Huo mpako wa mwisho ndio unaoigeuza kuwa kioo.

Sijui kama minara ya Sokoine Drive inalionyesha kanisa kwenye vioo vyake. Brashi, ulishawahi kuona?

Brashi ya Kivukoni

Mkuu wa Boston, asante kwa hili. Ukisimama mahali sahihi unapata vipande: kipande cha paa, kipande cha anga, kisha fremu inakata. Sura nzima siioni. Nami nafurahia vipande hivyo, kwa sababu tone moja la siena likidondoshwa kwenye kioo kibichi linatosha kumwambia mtazamaji kwamba vigae viko jirani. Huo mpako wa mwisho wa bluu nauchukua, nitaujaribu.

Karani wa Nairobi

Hamjambo wenzangu wa Dar. Mimi niko Nairobi na nachora wikendi. Hapa kwetu ile mbinu ya kuacha karatasi nyeupe inagonga mwamba. All Saints Cathedral, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917 na ujenzi ukaendelea hadi 1952, ni la mawe ya kijivu. Ukiliacha jeupe umedanganya. Nyuma yake upande wa Upper Hill sasa kuna majumba marefu, Britam Tower likiwemo, ambalo lilikamilika 2017 na lina kimo cha mita 200. Mawe ya kijivu, majengo ya kijivu, na Julai hata anga ni la kijivu. Mimi huishia na karatasi ya matope. Mnasemaje?

Brashi ya Kivukoni

Karibu jirani. Geuza mpango mzima. Kwetu kanisa ni jeupe mbele ya giza, kwenu liwe zito mbele ya weupe. Yale majengo ya Upper Hill yako mbali, na umbali unapunguza rangi. Yapake kwa mpako mmoja mwepesi sana wa bluu baridi, karibu usionekane, bila mistari. Yakikauka kabisa, weka kanisa kwa kijivu chenye joto, siena nyingi kuliko bluu, na uache vipande vyeupe vidogo kwenye kingo za juu za mawe pale mwanga unapogusa. Kijivu baridi na kijivu cha joto havichanganyikani kuwa matope vikikaa kila kimoja mahali pake na kila kimoja kikakauka kabla ya kingine. Na miti ya Uhuru Park mnayo pale chini, tumieni kijani chake kizito kulishika kanisa lisielee.

Karani wa Nairobi

Nimeelewa kabisa. Jumapili nitarudi pale na karatasi mpya.

Mzee wa Upanga

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Mimi si mchoraji, ila nimefanya kazi mjini tangu miaka ya sabini, nikivuka na pantoni kutoka Kigamboni. Wakati ule ukiwa katikati ya maji uliyaona makanisa yote mawili bila kuyatafuta. Leo inabidi umwelekeze mtoto: tazama chini ya lile ghorofa, kushoto.

Nina ombi moja. Picha zenu nyingi hazina watu. Pale mbele ya Azania Front pamejaa watu tangu alfajiri: wanaoshuka mwendokasi kituo cha Posta ya Zamani, wanaotoka Feri na samaki kwenye ndoo, wanakwaya na majoho yao mkononi. Mtu akisimama kwenye mlango wa kanisa, ndipo ukubwa wa kanisa unaeleweka, na ukubwa wa kanisa ukieleweka, ghorofa linaeleweka.

Binti wa Magomeni

Shikamoo mzee. Umenifungua macho. Mtu mmoja mlangoni, na vipimo vyote vinapatikana.

Mzizima Asilia

Marahaba ya mzee naisubiri nami, shikamoo mzee wangu.

Brashi, leo asubuhi nilikwenda Kivukoni na kikaratasi nikajaribu kama ulivyosema, mnara kwanza, kanisa nikaliacha. Bado siyapendi yale maghorofa na sitabadilisha hilo. Ila ukuta wa Azania Front haujawahi kunitokea mweupe namna ile. Kazi za wateja nitaendelea kuchora kanisa peke yake wakitaka. Za kwangu nitaweka kila kitu.

Swali la mwisho: wateja wanalalamika picha zinapauka ukutani. Dawa ni nini?

Brashi ya Kivukoni

Hayo ni makubaliano mazuri, Mzizima.

Kupauka kuna mambo mawili. La kwanza ni rangi yenyewe. Nyekundu ya alizarini ile halisi inakimbia na jua, ukiiweka kwenye vigae, baada ya muda paa litakuwa limegeuka rangi ya mchanga. Tumia rangi zinazotokana na udongo, siena na wenzake, zinadumu. La pili ni mahali pa kutundika. Rangi za maji zikae nyuma ya kioo, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na kati ya kioo na karatasi kuwe na fremu ya kadibodi ili visigusane. Kwa unyevu wa pwani, karatasi ikigusa kioo inaota ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye pamba hautoki.

Na nyuma ya kila kazi andika kwa penseli mwezi, mwaka, saa, na mahali uliposimama. Fundi Ramani ameeleza kwa nini.

Binti wa Magomeni

Jumamosi nitakuwa upande wa Kigamboni, karibu na gati la pantoni, kuanzia saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Anayetaka kujiunga aje na ubao wake na kopo la maji. Karatasi ya pamba nimepata shiti moja, nimeshaikata vipande vinane, viwili navigawa.

Mzizima Asilia

Kimoja changu. Nakuja.